Kwa nini siagi ya ng'ombe ni ya njano na ya mbuzi ni nyeupe, wakati wanakula majani yaleyale?

#1 MfugajiTukuyu
Wakuu salaam. Mbuzi wa maziwa na ng'ombe wa Jersey wanakatiwa matete na majani ya guatemala kutoka shamba moja. Maziwa yakisukwasukwa, siagi ya ng'ombe inatoka njano iliyokolea, ya mbuzi nyeupe pee. Huku Rungwe watu wameshahitimisha: njano ndiyo vitamini A, kwa hiyo ya mbuzi haina kitu. Mimi nadai kinyume. Ule weupe ndani yake mna vitamini A yenyewe, na ile njano ni mali ghafi ambayo ng'ombe ameshindwa kuimaliza. Mwenye hoja aje nayo.

#2 KemiaMbeya
Uko karibu na ukweli, mkuu. Tutenganishe vitu viwili kwanza.

Njano ni beta-karotini: kaboni 40, mnyororo mrefu wenye pete kila ncha. Mmea huitengeneza, mnyama hawezi. Vitamini A ni retinoli, kaboni 20, yaani nusu ya mnyororo ule. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kinaitwa BCO1 kinachokata katikati kabisa, na mkato mmoja unatoa retinali mbili. Retinali inageuzwa kuwa retinoli, retinoli inaungwa na asidi ya mafuta (kazi ya kimeng'enya kingine, LRAT), kisha inapakiwa pamoja na mafuta ya chakula, inapita kwenye limfu, inaingia damuni hadi kwenye ini.

Suala la rangi ni la mwanga tu. Beta-karotini hunyonya mwanga wa bluu, karibu nanomita 450, ndiyo maana tunaiona njano. Retinoli hunyonya nanomita 325, huko kwenye urujuanimno ambako jicho la binadamu halifiki. Mnyama akikata mnyororo, rangi inapotea, vitamini inabaki.

#3 DadaLishe_Iringa
Nakubaliana na #2. Mbuzi, kondoo na nyati hugeuza karibu karotini yote kabla haijafika kwenye damu. Ng'ombe huachia sehemu ipite ikiwa nzima, ikakae kwenye mafuta ya mwili na ya maziwa. Mchinjaji yeyote anajua mafuta ya ng'ombe mzee wa Jersey yalivyo manjano.

Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mbuzi yana kasoro nyingine kabisa: folati kidogo. Anayeogopa maziwa ya mbuzi aogope hilo, asisingizie rangi.

#4 KalamuYaMafinga
KemiaMbeya kasema "mnyama hawezi" kutengeneza karotini. Hapo lazima tusahihishe. Vidukari wa njegere wanaitengeneza wenyewe. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba jeni zao za karotini zilitoka kwa kuvu, zikahamia kwenye ukoo wao zamani sana. Utitiri mwekundu unaoshambulia maharage nao una jeni za aina hiyo. Kwa hiyo sema "mnyama, isipokuwa wadudu wachache wa aina hiyo".

#5 KemiaMbeya
Nimesahihishwa, asante. Mifugo na binadamu hawawezi, hilo linabaki.

#6 VetNjombe
Mfugaji, neno lako "ameshindwa" linahitaji kazi. Hapa kuna maelezo angalau manne, na watu huyachanganya.

La kwanza: BCO1 ya utumbo wa ng'ombe ni dhaifu kulinganisha na karotini nyingi anayomeza, inazidiwa.

La pili: kuna kimeng'enya cha pili, BCO2, ambacho hakikati katikati bali pembeni, na kazi yake kubwa ni kuteketeza karotini zinazozagaa. Mwaka 2009 watafiti wa New Zealand waliona kwamba ng'ombe wenye kasoro kwenye jeni ya BCO2 wana maziwa na mafuta ya njano zaidi. Mwaka uliofuata kasoro ya jeni hiyohiyo ikaripotiwa kwa kondoo wa Norway wenye mafuta ya njano.

La tatu: unyonyaji. Kuna mlango kwenye seli ya utumbo, SCARB1, unaoingiza karotini. Mlango ukiwa wazi sana, karotini inaingia kuliko uwezo wa kukata.

La nne ni la kawaida kabisa: Jersey ana mafuta karibu asilimia 5, Friziani hafiki 4 mara nyingi, na Friziani anatoa lita nyingi zaidi. Karotini ileile inasambaa kwenye ndoo kubwa.

#7 Mnyalu_Halisi
Mimi naona la pili ndilo jibu, uzi ufungwe. Jeni ikiharibika, njano inabaki.

#8 VetNjombe
Usifunge, ndugu. Kasoro ya BCO2 inaeleza tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ng'ombe mwenye BCO2 nzima maziwa yake bado yana karotini, mbuzi hana. Swali la #1 ni la ng'ombe na mbuzi.

#9 DadaLishe_Iringa
Msisahau majira. Siagi ya Machi na siagi ya Septemba kutoka kwa ng'ombe yuleyule hazifanani. Majani mabichi yana karotini tele. Yakikauka juani yakawa rangi ya majani ya paa la nyumba, karotini imekwisha. Mabua ya mahindi yaliyosimama shambani mpaka Agosti ni tumbo tu, vitamini hakuna.

#10 VetNjombe
Naongeza hapo, maana ndipo hasara ilipo. Ng'ombe aliyeshiba majani mabichi ana akiba kwenye ini ya kama miezi 2 hadi 4. Kiangazi chetu kinazidi hapo. Mwenye mimba akimaliza akiba, mnaona kondo inachelewa kutoka, ndama dhaifu, au ndama anazaliwa kipofu: macho yanaonekana mazima, mboni imepanuka, ukimulika haisinyai. Sababu ni mfupa. Bila vitamini A mfupa wa fuvu haukui vizuri, tundu linalopitisha mshipa wa fahamu wa jicho linakuwa jembamba na kuubana. Huyo hata ukimchoma vitamini baadaye, haoni tena. Kwa ng'ombe mkubwa anayejikwaa jioni tu, vitamini ikirudi anaona.

Cha kufanya: kila siku weka fungu la majani ya kijani kwenye lishe ya kiangazi, hata kidogo, majani ya viazi vitamu au ya migomba pamoja na matete ya bondeni. Nyasi za kuhifadhi zikatwe kabla ya kutoa mbegu, zianikwe haraka, zifungwe zikiwa bado na ukijani, zilale kwenye banda lenye giza. Na ndama anywe dang'a mapema, saa chache baada ya kuzaliwa. Vitamini A haivuki kondo kwa wingi. Ndama anazaliwa na ini karibu tupu na anajaza kutoka kwenye dang'a. Ule umanjano mzito wa dang'a ni karotini, na retinoli imo humohumo.

#11 MfugajiTukuyu
Asante daktari. Hilo la dang'a wengi wanakamua na kumwaga.

#12 MtaniWaKyela
Mmezungumza siagi mpaka mmesahau mawese. Mawese mekundu ya Kyela yana karotini kwa kiasi ambacho karoti haifikii: mikrogramu 500 hadi 700 kwa kila gramu ya mafuta, sehemu kubwa ikiwa beta na alfa. Na iko tayari ndani ya mafuta, haina ukuta wa seli wa kuvunja.

#13 Mnyalu_Halisi
Mtani, mawese yenu mnayachoma mpaka yanageuka meupe kama mafuta ya dukani, halafu mnakuja kujisifu hapa na karotini!

#14 MtaniWaKyela
Hilo ni kweli na linaniuma. Mawese yakichemka mpaka moshi, rangi nyekundu inapotea, na rangi ndiyo yenyewe. Ladha inakuwa laini, vitamini imeungua. Njia nzuri: pika mboga au maharage kawaida, zikikaribia kuiva tia mawese kijiko kimoja au viwili, koroga, funika dakika tatu, epua. Yahifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga, mfuniko umekaza. Chupa ya maji inayong'aa, ikakaa dirishani wiki mbili, inaua kitu kilekile unachokinunua.

#15 MwalimuBios
Nirudi kwenye mmea, maana mnautaja tu. Ndani ya kiwanda chake cha rangi, mmea unatengeneza kipande cha kaboni 20. Unaunga viwili, 20 na 20, vinakuwa fitoini ya kaboni 40, isiyo na rangi. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya PSY, na hapo ndipo bomba linapofunguliwa au kufungwa. Kisha fitoini inaondolewa hidrojeni hatua kwa hatua, rangi inakolea mpaka inakuwa likopini nyekundu. Likopini inakunjwa ncha zake kuwa pete. Ukikunja ncha zote mbili kuwa pete za beta unapata beta-karotini; ncha moja ikiwa pete ya namna nyingine unapata alfa-karotini.

Mmea unaunga 20 na 20, mnyama anakata arudishe 20 na 20. Napenda sana jambo hili kila ninapolifundisha.

#16 IlulaNyanya
Kwa hiyo nyanya zetu za Ilula, nyekundu vile, zina vitamini A kuliko karoti?

#17 MwalimuBios
Hapana ndugu, na swali lako ni zuri. Nyanya ikiiva, kimeng'enya cha kukunja pete kinapunguzwa kazi, likopini inajaa. Likopini haina pete, na bila pete ya beta hupati retinoli. Nyanya ina beta-karotini kidogo pembeni, hiyo ndiyo inayohesabiwa. Sheria ni moja: kila pete ya beta isiyobandikwa kitu inatoa retinali moja. Beta-karotini mbili. Alfa-karotini moja. Beta-kriptozanthini ya papai moja. Luteini na zeazanthini, sifuri, kwa sababu pete zao zimebandikwa oksijeni na hidrojeni.

#18 KukuBora_Makambako
Basi hapo mmeniangushia hoja ya mayai. Wateja wa Makambako wanalipa zaidi yai lenye kiini cha rangi ya chungwa wakisema lina vitamini A.

#19 KemiaMbeya
Rangi ya kiini kwa sehemu kubwa ni luteini na zeazanthini, za majani na za mahindi ya njano. Ni nzuri kwa jicho, ziko pale katikati ya retina, ila hazigeuki kuwa vitamini A. Retinoli ya yai haina rangi na inategemea alichokula kuku. Kuku wa kizimbani anayekula chakula chenye mchanganyiko wa vitamini anaweza kutaga yai la kiini cheupe lenye retinoli ya kutosha.

#20 VetNjombe
Na hapo ndipo wanaochanganya chakula wenyewe wanapoumia. Pumba ya mahindi meupe, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa: karotini hakuna. Wakiacha kuweka mchanganyiko wa vitamini ili kuokoa fedha, baada ya wiki kadhaa vifaranga wanatoa ute machoni unaoganda kama jibini, kope zinashikana, wanayumba. Ukimpasua, kwenye umio unaona vipele vyeupe vidogo kama vya mtama. Wengi wanadhani ni mafua ya kuku, wanamwaga antibiotiki kwenye maji. Vipele vya umioni ndivyo vinavyotofautisha. Sababu: bila vitamini A utando laini wenye ute unageuka kuwa mkavu kama ngozi, tezi zinaziba.

Vilevile, mchanganyiko wa vitamini uliokaa kwenye chakula kilichosagwa miezi mitatu, gunia wazi, karibu na chumvi za madini, umepungua nguvu. Changanya cha wiki mbili au tatu, si cha msimu.

#21 Mnyalu_Halisi
Mahindi je? Kanda yetu ndiyo inalisha nchi sembe. Yale ya njano, ambayo wazee waliyaita yanga, yalikuwa na vitamini A au ni rangi tu?

#22 UyoleMbegu
Yana kidogo. Mahindi ya njano ya kawaida rangi yake kubwa ni luteini na zeazanthini. Soma tena #17: sifuri. Kuna beta-karotini na beta-kriptozanthini kiasi, ila si ya kujivunia. Mahindi yaliyozalishwa kwa ajili ya vitamini A ni ya rangi ya chungwa, na mbinu ilikuwa kuchagua mimea ambayo jeni mbili zake zinafanya kazi kidogo: moja inayosukuma likopini kuelekea luteini, nyingine inayobandika oksijeni kwenye beta-karotini. Ukiwapunguza wawili hao, beta-karotini inabaki kwenye punje.

Mahindi meupe nayo yana jambo la ajabu. Mmea wake ni wa kijani na majani yamejaa karotini, kwa sababu mmea bila karotini unaunguzwa na jua. Punje ni nyeupe kwa kuwa nakala ya PSY inayofanya kazi kwenye punje ni mbovu. Majani yanatumia nakala nyingine. Hatujakosa jeni, tumechagua kwa miaka mingi punje ambayo bomba lake limefungwa.

#23 ShambaMbozi
Viazi lishe ndiyo suluhisho basi, si mahindi. Mbegu za Kabode na Mataya zinastawi huku.

#24 UyoleMbegu
Zinastawi, ila lalamiko la watu ni la kweli: viazi vyenye rangi ya chungwa mara nyingi vina maji mengi na unga kidogo. Kwa mbegu zetu za Afrika, karotini ikipanda unga huelekea kushuka, ndiyo maana Kabode na Mataya zilipendwa: zinabaki na unga kiasi. Mbegu ni marando, vipande vya sentimita 25 hadi 30 kutoka ncha ya mmea usio na majani yaliyojikunja. Majani yakijikunja na mmea kudumaa, ni virusi. Usichukue marando hapo hata kama kiazi ni kizuri.

#25 DadaLishe_Iringa
Tufanye hesabu, watu waache kubahatisha. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, wa 4 hadi 8 anahitaji 400. Mwanamume mtu mzima 900, mwanamke 700, anayenyonyesha 1,300. Tuchukue kiazi chenye mikrogramu 50 za beta-karotini kwa gramu. Gramu 125 ni mikrogramu 6,250. Gawanya kwa 6, zaidi ya 1,000. Kiazi kimoja kidogo kinamtosha mtoto siku tatu.

#26 KemiaMbeya
Dada, 6 ni kipimo cha zamani. Siku hizi tunagawanya kwa 12 kwa beta-karotini ya chakula, na kwa 24 kwa alfa-karotini na beta-kriptozanthini. Kwa hesabu yako: 6,250 kwa 12 ni kama 520. Kinamtosha siku moja na zaidi ya nusu, si siku tatu.

#27 DadaLishe_Iringa
Uko sahihi, nimetumia jedwali la zamani. 520 ichukuliwe.

#28 MwalimuBios
Na mtu akiuliza kwa nini 12, wakati mkato mmoja unatoa retinali mbili: hasara iko njiani. Sehemu ya karotini haitoki kwenye seli za mboga, sehemu inatoka lakini haikutani na mafuta na nyongo, sehemu inaingia kwenye seli ya utumbo lakini haikatwi. Beta-karotini iliyoyeyushwa kwenye mafuta inahesabiwa 2 kwa 1. Yaani kati ya 2 na 12 ndipo penye kazi ya mpishi.

#29 NesiMwanjelwa
Hapo ndipo swali langu. Mikoa yetu ina mboga za maboga, mchicha, chainizi, mnafu, majani ya kunde, parachichi kila kona. Kwa nini bado tunatoa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na bado wanapatikana watoto wenye upungufu?

#30 DadaLishe_Iringa
Mafuta. Mboga ya kuchemsha kwa maji na chumvi haitoi karotini yake. Kijiko cha chai cha mafuta kwa sahani, au robo ya parachichi pembeni, kinabadilisha hali. Parachichi limejaa Njombe na Rungwe, lakini tunaliuza lote.

#31 VetNjombe
Mimi sisemi mafuta peke yake. Minyoo ya safura na minyoo mviringo (askaris) kwa watoto inapunguza unyonyaji, na kuhara kunapitisha chakula kabla hakijafyonzwa.

#32 NesiMwanjelwa
Kuna la tatu. Retinoli inatoka kwenye ini ikiwa imebebwa na protini maalumu, RBP. Mtoto asiyekula protini ya kutosha, au mwenye upungufu wa zinki, hatengenezi RBP ya kutosha. Ini linaweza kuwa na akiba, damu ikawa haina. Na mtoto mwenye surua, malaria au homa yoyote kali, RBP inashuka kwa sababu ya homa yenyewe. Ukimpima damu siku hiyo utaandika upungufu, kumbe ini halijaisha. Kwa surua anapewa dozi mbili za vitamini A, siku mbili mfululizo, hatusubiri kipimo.

#33 KalamuYaMafinga
La nne: watu hawafanani kwenye BCO1. Kuna mabadiliko ya jeni hiyo yanayojulikana ambayo yanapunguza uwezo wa kukata. Watu wawili wakila kiazi kilekile, mmoja anapata retinoli kidogo sana na karotini nyingi inabaki damuni. Ndiyo maana wapo wanaogeuka viganja vya njano kwa kula mapapai na viazi lishe kwa wingi. Angalieni weupe wa jicho: ukibaki mweupe ni karotini, haina madhara, ukiwa njano ni ini au damu, aende hospitali.

#34 DadaLishe_Iringa
Jeni zipo, ila sidhani zinaeleza mtaa mzima. Sahani isiyo na mafuta inaweza.

#35 KalamuYaMafinga
Na mtaa wenye mafuta ya kutosha bado unaweza kuwa na watoto wenye upungufu. Hatujamaliza.

#36 NesiMwanjelwa
Kwa wanaouliza dozi: kidonge cha bluu ni IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 100,000, miezi 6 hadi 11. Chekundu ni IU 200,000, miezi 12 hadi 59. IU moja ni mikrogramu 0.3, kwa hiyo chekundu ni miligramu 60. Ncha inakatwa na matone yote yanakamuliwa mdomoni. Kidonge kizima hakimezwi. Kinakaa miezi 4 hadi 6 kwa sababu ini lina seli maalumu za kuhifadhi retinoli. Leteni kadi, mtoto asipewe mara mbili katika mwezi mmoja.

#37 FamasiaSoweto
Naomba niongeze onyo, wengi hawalijui. Retinali inaweza kurudi kuwa retinoli, retinoli ikawa retinali, huku na huko. Retinali ikishageuzwa kuwa asidi ya retinoiki hairudi tena. Mwaka 1960 Dowling na Wald waliwalisha panya asidi hiyo peke yake bila vitamini A nyingine: walikua vizuri, na wakapofuka. Jicho linataka retinali, iliyopinda kwenye kaboni ya 11, ndiyo inayokaa ndani ya rodopsini, protini ya jicho inayopokea mwanga. Wald alipata Nobel mwaka 1967 kwa kazi ya jicho.

Asidi hiyo ndiyo inayoamuru jeni nyingi za mtoto tumboni. Vidonge vikali vya chunusi, isotretinoini, ni ndugu yake. Mwanamke mwenye mimba au anayeweza kushika mimba asivitumie bila daktari na uzazi wa mpango wa uhakika. Vinaharibu moyo, masikio na ubongo wa mtoto. Ini nalo, gramu 100 la ng'ombe bichi linaweza kuwa na mikrogramu karibu 5,000, wakati kikomo cha retinoli kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Mjamzito asilifanye kuwa mboga ya kila siku.

#38 Mnyalu_Halisi
Na karotini nyingi je, haimdhuru mjamzito?

#39 FamasiaSoweto
Ya chakula haina shida hiyo. Asidi ya retinoiki ikitosha inawasha kizuizi kinaitwa ISX, ambacho kinapunguza BCO1 na ule mlango wa SCARB1 aliotaja VetNjombe #6. Utumbo unajifungia wenyewe. Retinoli ya ini haipiti kwenye mlango huo, inaingia yote.

#40 MtaniWaKyela
Na usipa wa Nyasa mmewaacha. Samaki wa maji baridi wana namna nyingine ya vitamini A, inaitwa A2, yenye kifungo kimoja cha ziada kwenye pete. Kimeng'enya chake, Cyp27c1, kilijulikana mwaka 2015. Inavuta uoni wao kuelekea wekundu, inawafaa kwenye maji yenye tope. Kwa samaki wadogo waliopimwa, vitamini iko zaidi machoni na tumboni. Anayekata vichwa na kutumbua anatupa sehemu bora.

#41 IlulaNyanya
Mboga za kukausha je? Huku tunaanika majani ya kunde na mboga za maboga kwa ajili ya kiangazi.

#42 DadaLishe_Iringa
Chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, chuja, tandaza tabaka jembamba kivulini penye upepo, si juani. Maji ya moto yanaua vimeng'enya vinavyokula karotini. Zikikatika kwa mkono, weka kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa. Hasara kubwa iko ghalani: viazi lishe vilivyokaushwa vikikaa miezi minne kwenye gunia vinabaki na sehemu ndogo tu. Kula ndani ya miezi miwili.

#43 MfugajiTukuyu
Nimesoma yote. Ya mbuzi haitupwi, hilo nimelipata. Nauliza: kuna njia ya kuwaonyesha majirani kwa macho? Ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia, si ni ya urujuanimno? Nikiimulika siagi ya mbuzi gizani?

#44 KemiaMbeya
Retinoli inang'aa kijani hafifu ikimulikwa, kisha inafifia haraka kwa sababu mwanga huohuo unaiharibu. Lakini usiitumie kama ushahidi. Maziwa yana riboflavini nayo inang'aa, mafuta mengine yanang'aa, na taa nyingi za noti ni nanomita 365 wakati retinoli inataka 325.

Ushahidi ni wa maabara. Siagi inachemshwa na potasi kali ndani ya alkoholi, nyuzi 60 hadi 70, nusu saa, pamoja na vitamini C kidogo ili isiungue na hewa. Hapo retinoli inaachana na asidi ya mafuta. Inavutwa kwa heksani, inatenganishwa kwa kromatografia, inasomwa 450 na 325. Ya Jersey itaonyesha vilele viwili. Ya mbuzi kimoja, pale 325.

#45 VetNjombe
Ukipeleka, peleka sampuli za ng'ombe wawili, Jersey na Friziani, na uandike mwezi na majani waliyokula. Bila hivyo tutarudi hapa kubishana kama ni BCO1, BCO2 au kiangazi.

#46 KalamuYaMafinga
Hata akiziandika, BCO1 na SCARB1 bado hazitatofautishwa na siagi. Hapo utahitaji kipande cha utumbo kutoka machinjioni.

#47 MfugajiTukuyu
Vyombo viwe vya namna gani?

#48 KemiaMbeya
Chupa ya kioo cha kahawia, au ya kawaida iliyofungwa karatasi ya aluminiamu. Jaza mpaka juu, hewa isibaki. Barafu njiani. Na usiiache kwenye kiti cha mbele cha gari, jua la kioo litakumalizia retinoli kabla hujafika kituo cha utafiti wa kilimo Uyole.